Boti ndogo ya mashine wakati petroli ni ghali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya nayasikia dikoni, pale vyombo vinapopandishwa na samaki kuuzwa, karibu kila siku, mashine ikiwa imefungwa kwenye gogo, kifuniko kimevuliwa, na mwenyewe amekaa pembeni anasubiri jibu. Tangu bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2022, maswali ya kasi yamepungua na ya lita yameongezeka. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajanunua kitu hadi ya mtu mwenye chombo majini. Panapo neno nililokwisha kulieleza, nitakuelekeza kwenye swali lake.

## Kabla ya kununua

Nianze kununua chombo au mashine?

Anza na chombo, na kabla ya chombo anza na safari. Kaa uandike mambo matatu: unakwenda wapi mara nyingi, unarudi na mzigo gani, na unapita maji ya namna gani. Anayetega dema ndani ya mwamba Chwaka, anayevusha abiria baina ya Mkokotoni na Tumbatu, na anayelala bahari kuu nje ya Nungwi ni watu watatu wenye vyombo vitatu tofauti, hata kama wote wanajiita wavuvi.

Kosa ninaloliona zaidi ni kijana kupata fedha, akanunua mashine ya 40 (yaani nguvu 40 za farasi) kwa kuwa jirani anayo, halafu ndipo akatafuta chombo cha kuifunga. Mwaka haumaliziki, mashine imeshafunikwa turubai uani.

Kirefu chembamba au kifupi kipana?

Kama hofu yako ni mafuta, chukua kirefu, chembamba na chepesi. Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo unafuata urefu wa sehemu inayokaa majini. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi, uzidishe kwa 1.34, unapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Futi 16 zinakupa noti 5.4. Futi 25 zinakupa noti 6.7. Hapo ndipo mafuta yanapofanya kazi ya halali.

Ukilazimisha zaidi ya hapo, chombo kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe. Geuka utazame shetri. Katika mwendo mzuri maji yanaachana na ubao wa nyuma yakiwa laini, na mawimbi madogo yanafunguka pande mbili kama mkia wa mbayuwayu. Ongeza mashine kidogo tu, utaona omo (mbele) inainuka, tezi (nyuma) inakaa chini, na nyuma kunajengeka kilima cha maji cheupe kinachokufuata. Kilima kile ndiyo petroli yako. Umekinunua kwa lita, na hakikufikishi popote.

Ngalawa imedumu pwani hii kwa sababu hiyo hiyo: mrengu ndio unaobeba kazi ya kuzuia isipinduke, kwa hiyo mwili wenyewe umeachwa uwe mwembamba. Chombo kipana kina raha yake, kinatulia ukivuta nyavu na abiria wanakaa vizuri, lakini kila inchi ya upana inasukuma maji kando, na kusukuma maji kuna bei.

Mashine ya ngapi itanitosha?

Kwa chombo kinachokwenda mwendo wake wa kawaida, nguvu 4 au 5 za farasi kwa kila tani, chombo na mzigo pamoja, zinatosha bahari ikiwa shwari. Zidisha mara mbili kwa ajili ya upepo wa kusi na mkondo. Basi mtumbwi wa futi 16 hadi 18 wenye watu wawili, mashine ya 5 au ya 8 inatosha. Faiba ya futi 20 hadi 23 yenye watu wanne, ya 9.9 au ya 15. Mashua ya futi 25 na zaidi inayobeba nyavu na watu wanane inakwenda na 15 kama huna haraka, na 25 kama unapambana na mkondo kila siku.

Ya 40 nampa anayepeleka wageni Mnemba au kuwaonyesha pomboo Kizimkazi, kwa boti nyepesi yenye chini bapa inayoweza kuinuka na kuteleza juu ya maji. Yule anauza muda. Wewe unauza changu na dagaa.

Si bora ninunue kubwa niiendeshe polepole, kuliko ndogo niichoshe?

Hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote, na nalielewa, kwa sababu kwa gari ushauri huo una maana kiasi fulani. Kwa mashine ya boti ya kabureta inayochanganywa oili, hauna. Mashine kubwa ikinong'ona muda wote inachoma vibaya, plagi zinajaa masizi, moshi unazidi, na sehemu ya petroli inatoka na moshi ikiwa mbichi. Juu ya hayo uzito wake unakandamiza tezi safari nzima. Mashine ya 15 ikifanya kazi kwa theluthi mbili ya nguvu yake haichoki; hapo ndipo ilipotengenezwa ikae.

Na kuna jambo la kibinadamu. Ukiwa na 40 nyuma na mnada unakaribia, utafungua. Kila mtu hufungua.

## Kuhusu mashine yenyewe

Ya kuchanganya oili au ya oili mbali?

Ya kuchanganya (two-stroke, oili inatiwa ndani ya petroli) ni nyepesi, haina vitu vingi, na kila diko lina mtu anayeweza kuifungua. Ya 15 ina kilo 36 hadi 40, mtu mmoja anaibeba begani akashuka nayo mchangani maji yakiwa yamekupwa. Ubaya wake ni ulaji. Katika kusukuma moshi nje, sehemu ya petroli mpya, inayoweza kufika robo au zaidi, inatoka nayo bila kuchomwa. Ile rangi ya upinde wa mvua unayoiona juu ya maji nyuma ya chombo ni fedha yako.

Ya oili mbali (four-stroke, oili inakaa mahali pake) inaokoa kama theluthi ya mafuta, na katika mwendo wa kati huweza kukaribia nusu. Kwa nguvu zake zote, ya 15 ya kuchanganya inakula kama lita 8 kwa saa, na mwenzake wa oili mbali lita 5 na nusu hivi. Lakini ina kilo 50 hivi, bei yake iko juu, inataka oili ibadilishwe kwa wakati, na ikilazwa upande usio wake oili inaingia pasipotakiwa.

Msimamo wangu: ukitoka siku 20 kwa mwezi na zaidi, na chombo chako kinalala majini, nunua ya oili mbali, italipa tofauti ya bei kwa petroli. Ukitoka siku chache, au kila siku unaibeba mashine kupeleka nyumbani, kaa na ya kuchanganya ila ndogo.

Nichanganye oili kiasi gani?

Fuata kitabu cha mashine yako. Nyingi za kawaida zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya, saa zake 10 za mwanzo, mara nyingi hutakiwa mara mbili ya hiyo, mililita 800. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Anayepunguza oili ili aokoe fedha ananunua pistoni; anayezidisha "kwa usalama" ananunua plagi.

Nimepata ya mtumba. Niangalie nini?

Usiiwashe kwanza. Toa plagi, utazame rangi: kahawia ni heri, nyeusi yenye mafuta ni mchanganyiko mbaya, nyeupe kavu ni joto. Vuta kamba polepole usikie kama silinda zote zinakaza sawa. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji ya bahari yameshaingia. Shika propela uitikise.

Kisha iwashe ndani ya pipa la maji kwa dakika 15 kamili. Wauzaji hupenda dakika mbili. Tazama ule mchirizi wa maji ya kupozea: utoke kwa nguvu, uwe vuguvugu. Mchirizi dhaifu unaweza kuwa impela tu (feni ndogo ya pampu ya maji), nayo ni kitu cha kubadilisha kila mwaka, lakini pia unaweza kuwa chumvi iliyoganda ndani, na hiyo ni kazi nyingine.

Shafti fupi au ndefu?

Pima ubao wa tezi kutoka juu hadi chini. Inchi 15 ni shafti fupi, inchi 20 ni ndefu. Lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya chombo, au lishuke kidogo sana. Ndefu kwenye ubao mfupi inaburuta maji, na fupi kwenye ubao mrefu inavuta hewa na kupiga kelele bure. Kwenye mashua zetu zenye tezi iliyochongoka, fundi hujenga kitako cha mbao pembeni. Mwambie apime kwa chombo kikiwa na mzigo.

Propela ina maana yoyote kwenye mafuta?

Ina maana kubwa, na ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Propela inayokuja na mashine mara nyingi ni ya boti nyepesi. Ukiifunga kwenye mashua yenye mzigo, ni kama kupanda mlima wa Pemba na baiskeli ya gia kubwa: mashine inalia, mizunguko haipandi, petroli inakwenda. Mashine nyingi za ukubwa huu zinatakiwa zifike mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika ukifungua mwisho. Zisipofika na chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, chukua propela yenye mlalo (pitch) mdogo zaidi. Kila inchi moja ya mlalo unayopunguza inaongeza mizunguko 150 hadi 200.

Na propela iliyopigwa mwamba, yenye ncha zilizokunjika kama sikio la mbwa, usiiache "mpaka mwezi ujao".

Mashine ya mafuta ya taa je? Na ya dizeli?

Zipo mashine zilizotengenezwa kwa mafuta ya taa, huwashwa na kuzimwa kwa petroli. Tazama kwanza bei za mwezi huo zinazotangazwa na ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Zanzibar, kwani pengo la bei likiwa dogo, plagi chafu na nguvu pungufu zinalimaliza. Usitie mafuta ya taa kwenye mashine ya petroli. Itagonga, na itakufa.

Dizeli ya ndani ndiyo inayokula kidogo kuliko zote kwa kazi ile ile. Inafaa mashua nzito inayokwenda mbali na haipandishwi mchangani. Kwa chombo kidogo, uzito na shafti yake ni mzigo.

## Mafuta

Nitajuaje chombo changu kinakula kiasi gani?

Wengi wananijibu "dumu moja kwa safari". Safari ipi? Kwenda na mkondo au kurudi dhidi yake? Fanya hivi asubuhi moja ya maji mafu (kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo), kabla matlai, upepo wa mashariki, haijaanza.

Chukua kidumu cheupe cha lita 5 unachoweza kuona ndani yake. Mimina maji kwa chupa ya nusu lita, na kila nusu lita bandika kipande cha plasta nje. Kimwage, kikaushe kabisa, utie petroli, uunge paipu ya mashine. Nenda ukifuata alama mbili unazozijua, hendeli usiiguse, dakika 10. Soma mwendo kwenye simu, kisha soma plasta. Rudi njia ile ile dakika 10, ili mkondo ujifute. Lita ulizotumia kwa dakika 10 zidisha mara 6, gawa kwa mwendo.

Faiba yangu ni ya futi 22, mashine ya 15 ya kuchanganya. Kwa mwendo wa kati ilikula nusu lita kwa dakika 10, yaani lita 3 kwa saa, ikienda noti 5.5: kama lita 0.55 kwa maili ya baharini. Nilipofungua mwisho ilikula lita 1.3 kwa dakika 10, karibu lita 8 kwa saa, na mwendo ukawa noti 7 tu: lita 1.1 kwa maili. Noti moja na nusu ya ziada imenigharimu mara mbili. Nilikaa pale majini nikitazama plasta zile nikajuta miaka niliyopoteza.

Tuseme lita ni shilingi 3,000. Maili 12, kwenda na kurudi, ni shilingi 20,000 hivi kwa mwendo wa kwanza na 40,000 kwa wa pili. Mashua nzito yenye mashine ya 40 iliyofunguliwa, isiyoweza kuinuka juu ya maji, hufika lita 2 kwa maili, na hiyo ni shilingi 72,000 kwa samaki wale wale.

Mbona chombo kile kile sasa kinakula zaidi?

Kipandishe ukitazame chini. Chaza na majani yanaota haraka kwenye maji yetu ya joto, na chini iliyochakaa huweza kukuibia noti nzima. Cha mbao kipakwe deheni kwa wakati wake na kalafati ikaguliwe. Cha faiba kisuguliwe kila bamvua (maji makubwa) maji yakikupwa. Halafu angalia ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo: lita 100 za maji ni kilo 100, abiria mzima na nusu asiyelipa. Toa nanga ya ziada, nyavu mbovu na yale madumu matupu.

Yote yakiwa sawa, rudi kwenye propela.

Nilinunua petroli ya bei nafuu, mashine ikazima. Ni nini?

Mara nyingi ni maji. Yalinifika mwenyewe msimu mmoja wa kusi, nje ya Tumbatu. Dumu lilitoka kwa muuzaji wa kando ya njia. Mashine ilikohoa mara tatu ikanyamaza. Nilifungua bakuli la kabureta nikamimina kwenye kifuniko cha chai, na chini kulikuwa na matone yanatembea kama zebaki. Mkondo ulishatuchukua kaskazini tulipoona dau linarudi, likatuvuta kwa tanga hadi ndani.

Tangu siku ile kila mafuta namimina kidogo kwenye chupa ya kioo nikayaacha yatulie dakika chache; maji hukaa chini, unayaona. Na nimefunga chujio lenye kikombe cha kutenga maji kati ya dumu na mashine. Ni kitu cha bei ndogo.

## Upepo, maji na njia

Tanga bado lina kazi nikiwa na mashine?

Lina kazi, na ndilo jibu kubwa kuliko yote ya ukurasa huu. Tanga halihitaji kukufikisha peke yake. Likikupa noti 2 mashine ikiwa chini, umeshashusha lita kwa maili karibu nusu. Anayetoka na umande (upepo utokao nchi kavu) alfajiri na kurudi na upepo wa mchana anaweza kuitumia mashine kuingia na kutoka kwenye mlango wa mwamba tu. Foromali (mti wa kufungia tanga) ndogo na kitambaa chepesi vinalala ubavuni bila kumzuia mtu. Na siku ya petroli yenye maji, unajua nani alinirudisha.

Bamvua na maji mafu yanaingiaje kwenye hesabu?

Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kama mita 4, na maji yote hayo yanapita kwenye milango ile ile. Chombo cha noti 6 kikikutana na mkondo wa noti 2 kinasonga noti 4: safari ya saa moja inakuwa saa moja na nusu, mafuta vilevile. Ondoka na maji yanayokwenda upande wako, hata kama ni kusubiri saa mbili kwa kahawa.

Nataka kuvuka Nungwi kwenda Pemba kwa chombo kidogo.

Mkondo mkuu wa pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hufika hata noti 4. Ukienda Pemba unakubeba, ukirudi unalipa. Bahari pale ina kina cha mamia ya mita na mawimbi yake si ya ndani ya mwamba. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba lisiloguswa. Ikiwa fungu la kurudi halitoshi kwa vipimo vya kidumu chako, hiyo safari ni ya chombo kikubwa.

## Mambo ya pembeni

Naweza kufunga mashine kwenye ngalawa?

Ndiyo, ndogo, 5 au chini, na kitako kiwekwe mahali ambapo mrengu hauletei povu kwenye propela. Ngalawa ikiendeshwa kwa nguvu dhidi ya mawimbi, kamba za mrengu ndizo zinazokatika kwanza.

Mashine za umeme zimeshafika?

Zipo, na kwa maji ya karibu zinaweza kufaa. Fanya hesabu kwanza. Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 hivi, ingawa mashine hutumia robo yake au chini. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1.2 tu. Nguvu 3 za farasi kwa saa mbili zinataka betri kama hizo nne za lithiamu, au nane za risasi zenye zaidi ya kilo 200. Kwa mkulima wa mwani anayekwenda shambani na kurudi, mimi ningejaribu. Kwa wa mshipi bahari kuu, bado.

Nahitaji karatasi gani?

Chombo kisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na kama unavua, uwe na leseni ya uvuvi. Nunua maboya ya kuokolea kwa idadi ya watu, si ya viti.

Mafuta yanatolewa kabla ya mgawo. Mabaharia wangu hawajali mwendo. Nifanyeje?

Kwa desturi, mafuta, barafu na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawiwa baina ya chombo na watu. Maana yake nahodha akifungua mwisho, anachoma fungu la kila mmoja, na wengi hawajawahi kuliona hivyo kwa sababu hakuna anayewaonyesha.

Mwenye mashua mmoja wa Kojani alianza kuandika lita za kila safari kwenye daftari la shule na kulisoma mbele ya wote siku ya mgawo: siku, lita, kilo za samaki. Hakumlaumu mtu. Wiki ya tatu baharia mdogo kuliko wote ndiye aliyemwambia nahodha, "Mjomba, punguza, hiyo ni yangu pia."